Mto Nilioupinda kwa Majivu

Jumanne, mwezi wa nane. Ukungu ulikaa bondeni mpaka saa nne, halafu ukaja upepo mkavu wa baridi.

Naandika polepole, maana niliishia darasa la saba, na pia sina hakika kama nitauandika ukweli wote.

Jumamosi alikuja mtaalamu wa maji, dada mmoja mpole. Chemchemi yetu inapungua kila kiangazi, kwa hiyo alitukusanya wakulima kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. "Mimi ni mgeni," akasema. "Bonde mnalijua ninyi. Lichoreni hapa chini." Msaada hautoshi bonde zima, kwa hiyo alitupa mawe matatu tuyaweke mahali panapoumiza maji zaidi. Penye jiwe, kilimo kinasimama na inapandwa miti rafiki wa maji. Simlaumu. Alituuliza vizuri kuliko wote waliowahi kuja.

Magunzi yakawa nyumba, majani yakawa miti. Mto wakasema niuchore mimi, kwa kuwa shamba langu liko kule juu unakoanzia.

"Chora, mzee wa milingoti!" mmoja akapaza sauti. "Ila usiumalize kuunywa!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Milingoti yangu, yaani mikaratusi, imesimama karibu kabisa na chemchemi, na kila mtu anajua mlingoti unavyokunywa maji. Nilichimba kimfereji kwa kijiti, nikawa namwaga majivu. Nilipofika pale juu, niliupinda mto. Kiasi cha kiganja tu. Lakini kwenye ramani ile kiganja kimoja kilitosha kuweka milingoti yangu mbali na maji.

Hakuna aliyenisahihisha. Labda hawakuona, labda waliniheshimu. Nisiwasingizie.

Mawe mawili yalipata mahali bila ubishi: kwenye njia ya ng'ombe, na kwenye mteremko unaochomwa moto kila mwaka. La tatu lilizunguka mikononi mwa watu, mwisho likatua kwenye kinyungu cha shemeji yangu, mjane wa rafiki yangu. Kinyungu ni kile kibustani cha bondeni, kando ya maji, tunacholima kiangazi. Hicho ndicho kinamlisha yeye na wajukuu mpaka mvua. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa Ilula akimuuguza dada yake. Walipouliza nani anakubali, nilinyoosha mkono, na mtaalamu akainakili ramani kwenye karatasi yake.

Leo nimemkuta anachuma kila kitu, hata maboga machanga.

"Kamwene, shemeji," nikamsalimu.

"Kamwene. Njoo uchume na wewe, si mmenifukuza?" Alicheka, lakini hakuinua kichwa.

"Shemeji, ule mto niliupinda mimi."

Akanyooka, mkono kiunoni. "Najua. Jana nimepita uwanjani, kimfereji chako bado kipo. Nikasema, maskini shemeji yangu, kazeeka, haoni hata milingoti yake mwenyewe."

"Nisamehe."

"Mimi sina jiwe wala karatasi. Kawaambie uliocheka nao. Mkono uliopinda ndio huohuo unyooshe."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akanisikiliza, akasema mtaalamu anarudi Ijumaa kuithibitisha ramani mbele ya wote. "Utasimama mwenyewe?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Milingoti ile ndiyo niliyoitegemea kwa paa la nyumba, na jiwe likihamia kwangu itakatwa yote. Nimesema ndiyo, lakini najijua. Kutoka leo mpaka Ijumaa ni mbali. Ndiyo maana nimemsomea mke wangu ukurasa huu tangu juu mpaka hapa.

Akasema, "Basi Ijumaa nitakaa mbele kabisa, nikuone."

Jioni tumekula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Majani yametoka kwenye kinyungu cha shemeji. Alimpa mke wangu fungu zima, akakataa kushukuriwa. Ningependa kuandika kwamba hayakupita kooni. Yalipita, na niliongeza.