Sanduku Lililotangulia

Mwezi jana nilifika Changamwe, mahali baba alipokuwa akipanga chumba, na harufu ya mafuta mazito ikanirudisha kijijini kwetu Kabati, alasiri ile basi liliposhusha sanduku lake la bati.

Baba alikuwa kuli bandarini. Kila likizo alitanguliza sanduku, kisha yeye akafika kesho yake. Kwa hiyo nilifagia uwanja, nikamtekea beseni la maji ya kuoga. Mama alifungua sanduku, akanusa shati moja, akakaa chini vumbini.

"Mama, mbona unalia? Si atakuja kesho?"

"Nyamaza, Mwende."

Mjomba, aliyekuja na sanduku, alisema mvua ilikata barabara majuma mawili, wenzake wakamzika huko huko, bondeni chini ya reli. Sikumwamini. Nililinda beseni lile siku tatu, nikifukuza kuku wasinywe maji ya baba.

Sasa chini ya reli palijaa ghorofa, nguo zimeanikwa kila dirisha. Nikamuuliza mlinzi makaburi ya makuli yalikuwa wapi. Akatazama viatu vyangu.

"Hapo hapo uliposimama, mama."