Mji Ulioyakataza Makamyo

Niliondoka Kolwezi, mji wetu wa migodi, kwa sababu ya kikohozi cha mdogo wangu Odette. Alikuwa akiuza unga mbele ya nyumba yetu, kando ya njia ya udongo ambako makamyo ya madini yalihamishiwa siku lami ya barabara kubwa ilipoanza kutengenezwa. Tangazo lilisema ni kwa muda. Lami ikaisha kutengenezwa, makamyo yakabaki. Kiangazi kizima Odette alipangusa mifuko yake ya unga, akakohoa, akapangusa tena. Daktari wetu aliposema hana mashine ya kuyachunguza mapafu yale, ndugu walichanga, nasi tukafunga safari ya India.

Mpaka Lubumbashi tulikwenda kwa basi, madirisha yamefungwa, Odette kitambaa mdomoni. Ndani ya ndege alilala tangu tulipopaa, bila kukohoa. Nilimtazama nikakasirika: ilibidi mtu apandishwe juu ya mawingu ndipo avute pumzi.

Delhi tulitua asubuhi, lakini sikuona asubuhi. Mji ulikuwa umefunikwa na moshi wa kijivu, macho yakawasha kama tumekata vitunguu. Watu walijaa kila mahali, juu ya pikipiki, chini ya madaraja, milangoni mwa maduka, nao wakikohoa kama Odette. Nikajiuliza ni wazimu gani umenituma kuleta mapafu mabovu mahali kama hapa.

Alitupokea Patrick, kijana wa Likasi anayeishi huko na kuwakalimania wagonjwa wa kwetu. Alitupangia chumba karibu na hospitali, nyumbani kwa Mama Sunita. Mama huyo alitupikia dengu na wali, akaziba nyufa za dirisha letu kwa matambara, kisha akamshika Odette mkono kama binti yake.

Siku chache baadaye hewa ilizidi kuwa mbaya, na serikali ikatoa amri. Shule zilifungwa. Ujenzi ulisimamishwa. Makamyo ya dizeli yalizuiwa kuingia mjini. Patrick alitueleza hayo tukinywa chai, kama mtu anayesimulia habari za kawaida. Odette aliweka kikombe chini.

"Yaya," aliniambia mimi dada yake mkubwa, "kumbe kamyo banaweza kuikataza?"

Miaka yote tulilizungumzia vumbi letu kama tunavyozungumzia mvua au radi, kitu kinachokuja na kuondoka chenyewe.

Lakini Mama Sunita hakufurahi. Mume wake ni mwashi, na tangu amri ile alikuwa amekaa kitandani akitazama ukuta, hana kazi. Mama alisema maneno mengi kwa haraka, na Patrick akayafupisha.

"Anasema, mikono ya bwana yake ndiyo banasimamisha. Motokari ya batajiri inapita na mutu mumoja ndani."

Alisema kweli. Hata pale amri ilipokuwepo, aliyeilipia ni yule asiyeulizwa. Tulilalamika naye kwa hasira moja, kila mmoja kwa lugha yake.

Hospitalini daktari alisema mapafu ya Odette yamekwisha kupata makovu, hayatarudi kama zamani. Alimpa dawa na pampu ya kuvuta, akatuonya akae mbali na vumbi. Niliposikia Patrick akilitafsiri neno hilo, nilitamani kucheka.

Kolwezi tulirudi mvua zimeanza. Vumbi lilikuwa tope, na Odette akapata nafuu, akaanza tena kuuza. Mvua zilipokatika, vumbi likaamka, na kikohozi pamoja nalo. Nilikwenda ofisi ya mji kuuliza makamyo yatarudi lini kwenye lami. Karani hakuinua hata kichwa.

"Mama, vumbi ni ya Mungu. Mungojee mvula."

"Mungu haiko shofere ya kamyo," nilimjibu, nikatoka.

Nilimpeleka Odette Kasaji kwa shangazi, mbali na makamyo. Niliporudi, wanawake wa njia yetu tulitoa mabenchi ya kanisani, tukayapanga katikati ya njia hiyo, tukakaa. Makamyo yakasimama mpaka nisione mwisho wake. Kabla ya adhuhuri akafika mkubwa wa ofisi ile, ambaye miezi yote tuliambiwa yuko safarini. Aliahidi maji ya kumwagia njia kila siku. Maji huja siku nyingine, hasa wageni wanapotazamiwa. Makamyo bado yanapita.

Odette yuko Kasaji, analima mihogo asiyopenda kulima. Akija kututembelea, anaanza kukohoa kabla hajafika mlangoni.

Nilivuka bahari kumtafutia dawa, na huko nilijifunza kwamba hewa ina watu wanaoiamua. Dawa ya ndugu yangu ilikuwa sahihi ya mtu mmoja ya kurudisha makamyo kwenye lami, hapa hapa Kolwezi. Mtu huyo haishi kwenye njia yetu.