Leo Nimeulizwa Mimi Ni Mtoto wa Nani

Leo mama yangu amenikaribisha kama mgeni.

Nilitoka maabara ya chuo nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama, mji wa Kabati, bila kubadilisha nguo. Asubuhi nilikuwa napima DIPEA, besi ya kemikali yenye matawi makubwa yanayoizuia kushikana na vitu vingi, kwa hiyo inanyakua tu haidrojeni ya asidi. Inanuka kama samaki aliyelala, jamani.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, siku hizi anasahau. Nilimsalimia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

"Ni mimi, Mwende."



Halafu akavuta sweta yangu, akainusa, akatabasamu.

"Kumbe unafanya kazi na msichana wangu. Hata yeye akija hunuka hivi."

Nikasema ndiyo.

"Basi mwambie nimemwekea muthokoi. Hajakuja siku nyingi."

Na mimi huwa kwake kila Jumamosi.

Sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ilikuwa pale mezani, imefunikwa. Hakunipakulia. Alisema hicho ni chakula cha Mwende.

Nikamwambia nitamfikishia ujumbe.

Nyinyi mliosahauliwa na wazazi wenu, huwa mnajibu nini?