Mama Hamisi na jedwali langu kwenye lifti

Leo nimeumbuliwa na takwimu zangu mwenyewe.

Mdogo wangu Dulla anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, na timu ya vijana wa hapa mtaani kwetu Dixon. Yeye ndiye mrushaji. Mwenzake Hamisi anamkinga asiangushwe kabla hajarusha.

Jana Dulla aliangushwa mara nne, zote upande wa Hamisi.

Mimi mtu wa soka. Goli likiingia, nauliza beki alikuwa wapi.

Nikachora jedwali, nikalitupia kwenye grupu la timu: Hamisi, makosa manne.

Leo mchana nimekutana na mama yake kwenye lifti. Shikamoo, marahaba. Kisha akatoa simu yenye video ya mechi, akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti.

“Moja. Mbili. Tatu. Mwanangu bado kamzuia mtu. Nne. Tano. Mpira uko wapi?”

Mkononi mwa Dulla, aliyepaswa awe ameshaurusha.

Mara zote nne. Na lifti yetu mnaijua, inasimama kila ghorofa.

“Hilo umeliandika wapi kwenye jedwali lako?”

Sikuliandika popote.

Nimeomba radhi kwenye grupu. Dulla anasema mama yule anahesabu haraka mno.

Nyie mngemjibuje Dulla? Fikirini vizuri, leo zamu ya kupika ni yake.