Duara la Nyanya Yangu

Shaka lililoninyima usingizi mwaka ule halikuwa kama nitaugua au la. Hilo nilikuwa nimelizoea, kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Shaka langu lilikuwa jingine: ikiwa mwanamume amekubali kunioa akijua yote, je, wazee wake nao wana haki ya kujua? Au neno lake linatosha, nami ninyamaze?

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi na kurudi Isiolo kufundisha bayolojia. Nilikaa nyumbani kwetu Kiwanjani pamoja na baba, mama na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado shuleni.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na mikono yake ndiyo iliyotulisha. Alipitisha kiganja mgongoni mwa fahali, akabonyeza ubavu kidogo, akamwambia mwenye mali, "Huyu mlimnyima maji jana, leo mkamjaza ili anenepe. Rudisha bei chini." Mwenye mali alicheka, akarudisha.

Kisha mikono ikaanza kwenda yenyewe. Kwanza vidole, kana kwamba anavuta tasbihi isiyoonekana. Halafu bega, halafu uso. Akitembea, mguu uliruka pembeni bila kuagizwa. Msikitini aliwagonga waliosimama naye safuni, na mji ukaamua kwamba anakunywa chang'aa. Baba hakuwahi kuonja pombe. Ijumaa moja mzee mmoja alimshika bega mlangoni, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, ulevi ukiisha ndio uje." Nadhani ni upole ule uliomvunja. Angetukanwa, angejibu. Tangu hapo aliswali nyumbani akiegemea ukuta, na rangi ya ukuta ikachubuka mahali pa bega lake.

Mimi nilikuwa nimeyaona mambo hayo kabla yake, ila sikujua kwamba nimeyaona. Katika miaka ya sabini, nikiwa mtoto, tulipelekwa kijijini Biliqo kumsalimu nyanya, mama yake baba. Alikuwa amefungwa leso kiunoni na ncha yake kwenye nguzo ya nyumba, asije akaangukia moto. Vidole vyake vilicheza. Wanawake hawakumpa kibuyu cha maziwa ashike. Walisema ana roho inayopenda ngoma, na jioni walimpigia ngoma ili itulie. Haikutulia. Alinitazama muda mrefu, akajaribu kunigusa shavu, mkono ukapita hewani. Niliogopa, nikakimbilia kwa mama.

Chuoni mhadhiri alituonyesha jinsi wanasayansi wanavyochora ukoo. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, na mgonjwa hujazwa weusi. Alichora ukoo wenye ugonjwa wa kucheza kwa viungo, ugonjwa wa ubongo unaoanza mtu akishakomaa, mara nyingi akiwa tayari amezaa. Alisema kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi sawa ya kuupata na ya kuukosa. Aliyeukosa hawezi kuwapa wanawe. Wenzangu walinakili. Mimi nilikuwa Biliqo, nikitazama leso.

Tulimpeleka baba kwa daktari Nairobi, naye akathibitisha. Nilikuwa nimesoma katika jarida la maktaba kwamba watafiti wa ng'ambo, kwa kupima damu ya ukoo mmoja mkubwa wenye wagonjwa wengi, walikuwa wamepata alama kwenye kromosomu moja, jirani na jeni yenyewe. Jeni hawakuwa wameifikia. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa mtaa anakokaa mwizi lakini si nyumba. Nilimwuliza daktari kama alama hiyo ingeweza kuniambia lolote.

"Labda huko kwao," alisema. "Lakini watataka damu ya jamaa wengi, wagonjwa na wazima. Nyanya yako yuko wapi?"

"Alikufa."

"Wengine wanaougua?"

"Baba tu."

Akafunga kalamu yake. "Basi ishi, binti yangu."

Niliishi, lakini vibaya. Chaki ikianguka nilisitisha somo. Nilitembea kando ya ukuta wa darasa nione kama mguu unanyooka. Siku moja, wanafunzi wakiwa nje, nilichora ubaoni duara jeusi la nyanya, mraba mweusi wa baba, na chini yao maduara mawili matupu, langu na la mdogo wangu. Nikafuta upesi. Yeye hakuwa ameambiwa chochote. Mama alimwambia kwamba baba alianguka kutoka kwenye lori.

Mchumba wangu alikuwa afisa wa mifugo, mtu wa Moyale aliyeletwa kazini Isiolo. Nilimweleza kwenye uzio wa boma la ng'ombe wa karantini, kwa sababu nilidhani mahali pale angenielewa haraka. Alielewa. Aling'oa kibanzi kwenye mti wa uzio.

"Fahali mwenye kasoro ya namna hiyo ungemruhusu azae?" nilimwuliza.

"Wewe si ng'ombe."

"Jibu swali."

"Una mdomo kama karani wa mahakama," akasema, akijaribu kucheka. "Mimi nimekubali. Wazee wangu usiwaambie."

Hakuuliza habari ya watoto. Nilirudi nyumbani nikiwa nimependwa na nikiwa na huzuni, na sikujua kipi kilikuwa kizito zaidi.

Wazee wake walifika kwa lori la Moyale, na baada ya swala ya Ijumaa wakaja kwetu. Kwetu Waborana posa huja na buni, punje za kahawa. Wazee wakielewana, wanawake hung'ata ncha ya kila buni mbichi, kisha huzikaanga kwenye samli na watu wote hula. Buni ikishaingia kwenye samli, neno limekwisha.

Baba hakuwepo sebuleni. Alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma. Baba mdogo, ndugu yake wa mama mwingine, ndiye aliyekaa mahali pake. "Kaka yangu yuko shambani Rapsu, anaangalia mahindi," nilimsikia akisema. "Mimi ndiye mdomo wake."

Sisi wanawake tulikuwa jikoni na sinia ya buni. Dada yake mama alinisukuma kwa kiwiko. "Msomi wetu akitafuna ya kwanza atatuambia ina vitamini gani." Mdogo wangu akacheka huku akipuliza moto. Nilitazama vidole vyake, kama nilivyofanya kila siku.

Sebuleni baba mkubwa wa mchumba wangu alikohoa. "Tumesikia mzee wa hapa anapenda kinywaji."

"Uongo wa mji. Alianguka kwenye lori."

"Tutajieni basi watu wenu."

Baba mdogo akaanza kutaja, baba hadi baba. Huyu alichimba kisima. Huyu alikufa na meno yake yote. Huyu alipanda ngamia akiwa mzee kabisa. Hakuna aliyetetemeka hata mmoja. Yote yalikuwa kweli. Alitaja miraba mitupu, mmoja baada ya mwingine, na wazee wakaitikia. Hakuna aliyeuliza habari ya duara. Kwetu ukoo huhesabiwa kwa wanaume, na nyanya yangu hakuwa kwenye hesabu.

"Ukoo msafi," baba mkubwa akasema. "Buni ikaangwe."

Mama akachukua buni ya kwanza.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini?" Alijua. Alisogea karibu, akanong'ona. "Una mdogo wako. Ukisema leo, yeye ataolewa na nani?"

Nilikuwa nimeligeuza swali hilo usiku kucha na halikuwa na upande mzuri.

"Wewe uliambiwa?" nilimwuliza. "Ulipoletewa buni yako?"

Meno yake yalikuwa tayari kwenye buni. Akaitoa mdomoni. "Sikuambiwa."

"Ungeambiwa, ungekula?"

Alinitazama, akamtazama mdogo wangu pale motoni. "Nisingewapata nyinyi," akasema, na machozi yakamshuka.

"Kwani kuna nini?" mdogo wangu akauliza. Majivu yalikuwa kwenye nyusi zake. Nikaona kwamba siku moja atakaa hivi hivi, samli ikiyeyuka, na mtu mwingine ndiye atakayeamua ajue nini.

"Njoo," nilimwambia. "Nitakuambia pamoja na wageni."

Nikafungua chumba cha nyuma. Baba alikuwa kitandani, kofia safi kichwani, amejivalisha mwenyewe, vifungo vya kanzu vimekosana. Alikuwa amesikia kila kitu. Sauti yake siku hizo ilitoka vipande vipande.

"Wa-taondoka," akasema.

"Labda, baba."

Akaninyooshea mkono. Ulipita hewani, ukarudi, nikaudaka.

Tuliingia sebuleni polepole, mimi upande mmoja, mdogo wangu upande mwingine, mguu wa baba ukiruka na kugonga mlango. Baba mdogo aliinuka, akaachia kiti. Tukamkalisha mahali pake.

"Salaam aleikum," nikawaambia wageni. "Huyu ni baba yangu. Hajalewa, na hakuanguka kwenye lori. Ugonjwa huu aliupata kwa mama yake, ambaye hamkutajiwa. Huenda nami ninao, na huenda mdogo wangu anao, na hakuna anayeweza kutupima. Kijana wenu anajua. Sasa nanyi mnajua."

Nikaichukua sinia kutoka kwa mama, aliyekuwa ametufuata hadi mlangoni, nikaiweka chini mbele yao, buni zikiwa mbichi.