Vikoi Baina ya Madawati

Mwanzo wa miaka ya sabini nilifundisha jiografia katika skuli ya wasichana mjini Unguja, na darasa la juu ndilo lililonifanya niamke na furaha. Mwaka ule nilisoma katika jarida la kigeni kwamba sakafu ya bahari inatanuka. Mawe ya moto hupanda katikati, na yakipoa hushika upande ilikoelekea sumaku ya dunia wakati huo. Na sumaku hiyo imewahi kugeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Basi chini ya bahari kuna mistari ya mawe, mmoja sumaku yake kaskazini, wa pili kusini, na ya upande huu inalingana na ya upande ule.

Nikatenga madawati mawili, nikapenyeza vikoi viwili kutoka chini, wasichana wakavivuta huku na huku. Mistari ya pindo ikajitokeza sawasawa pande zote. Wakapiga vigelegele.

Mmoja akalipeleka somo nyumbani. Sisi Makka iko kaskazini yetu. Huko ndiko tunakoswali, na maiti tunawaelekeza huko. Baba yake aliposikia kaskazini iligeuka, akaona nasema marehemu wake wamelala kombo. Kuja kuniuliza hakuweza. Alikwenda kwa ofisa wa elimu, mtu mwenye sauti kubwa kuliko elimu yake.

Ofisa akaja na dira mpya, kaivaa shingoni kama hirizi. Akaiweka juu ya meza yangu ya chuma. Sindano ikayumba, ikaelekea ubaoni badala ya kaskazini.

"Bi Mwalimu, hata dira umeiharibu!"

"Hasha, bwana. Chuma hicho kinaivuta. Iweke chini, itakaa sawa."

"Usinifundishe! Kibla haigeuki."

"Makka ipo palepale. Mie nnasema sumaku ya sindano ndiyo iliyogeuka, tena kabla hajazaliwa mtu wa kuswali."

Hakuinama. Angeinama angejifunza kitu, na nadhani hilo ndilo lililomtisha. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikanyang'anywa jiografia, nikapewa ushoni. Niliumia sana, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Kipindi cha kwanza cha ushoni niliingia nikiwa nimenuna. Nikawakuta wasichana wameshatenga madawati, na vikoi wamekuja navyo wenyewe. Ofisa akapita dirishani, akaona vitambaa, akaridhika.

"Ndiyo hayo sasa," akasema. "Wajifunze kitu cha maana."

"Naam, bwana," nikamjibu, kisha nikawageukia wasichana. "Haya, vuteni."