Umelaza Majani, Hujafukia

Siku ya kwanza kazini niliikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha kudarizi, kama redio ya sebuleni. Makampuni binafsi yalikuwa ndiyo kwanza yameruhusiwa kununua kahawa Mbinga, na letu lilitaka mashine iamue mzigo upi upokelewe. Meneja wa Ghala aliniambia, "Binti, umesomea hizi. Siku ya gari la kwanza iwe inafanya kazi." Nikasema itafanya. Nilikuwa mkaidi, na bado sijapona.

Ninyi mnaoanza kuandika programu, lijueni sharti. Ni amri inayoanza na "kama": kama jambo ni kweli, fanya hivi, la sivyo, pita. Niliandika: kama unyevu umezidi kipimo, chapa "Ianikwe tena", kisha chapa "Mzigo urudi". Mistari hiyo miwili niliisogeza ndani kidogo, chini ya "kama". Ilipendeza, nikajisifu.

Siku ya gari alitangulia mzee mmoja wa kijiji cha Ruanda. Alipokea karatasi yake, akaisoma, akasema asante, akaondoka na magunia yake. Wawili waliomfuata nao wakarudishwa. Wa nne alikuwa Mama Agatha wa Mkumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisomee hii, mwanangu. Wale wawili wameandikiwa waanike tena. Mimi sijaandikiwa kosa. Narudi kwa lipi?"

Meneja akanitangulia kujibu. "Mama, kompyuta imeshasema."

"Basi na aliyeifundisha aseme."

Dereva alishatangaza kwamba saa sita anaondoka, na gari jingine lingekuja mvua zimeanza. Kahawa ya Mama Agatha ya mwaka mzima ilikuwa pale chini sakafuni. Niliogopa, lakini sikunyanyuka kitini. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta: mistari hii miwili iko ndani ya sharti.

"Nani kasema iko ndani?"

"Nimeisogeza, mama. Unaona?"

Akaitazama kwa muda. "Kwetu tukilima ngoro, wanaume wanalaza majani kwa miraba, sisi tunayafukia udongo, katikati linabaki shimo la kushika maji. Majani yasiyofukiwa, hata yapangwe vizuri namna gani, mvua inayazoa. Wewe umelaza majani. Umefukia wapi?"

Sikuwa nimefukia. Lugha ile ya kompyuta haikujali nafasi mwanzoni mwa mstari. Ilitaka neno la kufungua na neno la kufunga, na mistari yote ya sharti iwe katikati yake. Bila maneno hayo, mstari wa kwanza tu ndio ulifuata sharti. Wa pili ulimchapia kila mtu arudi, awe na kahawa mbichi au kavu.

Nikaweka maneno hayo mawili, nikapitisha kipimo chake upya. Meneja akaninong'oneza, "Tuseme mashine ilipata hitilafu." Nikamjibu kwa sauti kwamba mashine ni nzima, aliyekosea ni mimi. Magunia ya Mama Agatha yakapanda garini.

Baadaye nilihamishiwa Songea, na huko ndiko nilikostaafia. Katika baadhi ya lugha za siku hizi, nafasi yenyewe ndiyo udongo: usiposogeza mstari, programu inagoma au inapotoka. Vijana wananung'unika. Mimi nawaambia washukuru.

Kipimo cha yule mzee wa Ruanda kilikuwa sawa. Kesho yake nilimfuata kwa miguu kumwomba radhi. Nilimkuta akigeuza juani kahawa iliyokuwa imekauka tangu wiki iliyopita.

"Baba, mbona hukuuliza?"

"Niliing'ata punje moja njiani, nikaiona kavu," alisema. "Nikadhani meno yangu yamezeeka."